Siku Sheha Alipozindua Kitabu Changu

Nianze kwa kusema ukweli mwenyewe, maana mkasa huu mkiusikia kwa wengine watakutilieni chumvi: mimi, mtu mzima, mwalimu wa Kiswahili, baba wa watoto wanne, nilikaa miezi miwili nikitoka nyumbani kwa mlango wa uani, nikipita kwenye migomba na kukata shamba la mihogo la watu, ili tu nisipite mbele ya baraza la Mzee Kombo. Njia ya mbele ni dakika mbili mpaka skuli. Ya nyuma ni kumi na tano, na ina siafu. Nilichagua siafu.

Niliandika kitabu. Kitabu cha kejeli za siasa, jina lake Mhuri wa Mzee Wino, na nilikiandika kwa miaka mitatu, likizo hadi likizo, nikicheka peke yangu chumbani mpaka mke wangu Mwanaisha akawa anachungulia kuona nazungumza na nani. Nia yangu, wallahi, ilikuwa kuwasema wakubwa, hawa wanaokuja na misafara ya magari wakazindua kisima kimoja mara tatu, kila mara kwa utepe wa rangi nyengine. Sasa tatizo ni kwamba wakubwa mimi siwajui, nawasikia redioni tu, sijui wanakula nini wala wanakohoa vipi, na kitabu hakiendi bila ya mtu anayekohoa. Niliyemjua mpaka kikohozi chake ni Mzee Kombo, sheha wetu.

(Kwa msiokuwa wa huku: sheha ndiye serikali ya chini kabisa, mtu mmoja na mhuri mmoja. Ukitaka kitambulisho, pasi, mkopo wa masomo, hata kukusanya watu kumi wakae wakusikilize, lazima uwe na barua yake. Shehia yetu siitaji jina, iko huku kaskazini, na mwenye kujua atajua.)

Mzee Kombo ana mazoea yake. Mhuri hauachi mezani, anauweka mfukoni mwa kanzu umefungwa kwa leso. Akitaka kugonga, anaifungua leso taratibu, anaugandamiza mhuri kwenye kidau cha wino, kile kisahani chenye sponji, halafu anauleta karibu na mdomo anaupulizia pumzi ya moto mara mbili, hah, hah, ndipo agonge. Kila mtu wa shehia hii ameiona pumzi ile tangu utoto wake. Mimi nikaichukua nikampa Mzee Wino wangu. Nikampa na leso. Halafu, kwa kuwa hadithi ilikuwa haijanoga, nikampa na kuku: katika kitabu, asiyekuja na kuku hapati mhuri. Kuku nilimbuni mimi. Naomba mumkumbuke huyo kuku.

Na kuna jambo jengine lazima niliseme hapa, ingawa linanichoma. Marehemu baba yangu alifariki katika miaka ile mibaya ya vyama, ile ambayo watu wa upande huu hawaendi kwenye harusi ya watu wa upande ule, hawanunui dukani kwao, na hata msiba hawazikani. Baba alikuwa upande wetu, Mzee Kombo upande wao. Siku ya maziko alikuja peke yake, akakunja kanzu, akaingia kaburini pamoja na sisi watoto kumpokea maiti, akatoka na udongo mpaka kwenye ndevu, akaenda zake. Watu wake walimsusa kwa kitendo kile muda mrefu. Hajawahi kunitajia hata siku moja. Mimi nimeandika kurasa mia na arubaini na sikuweka hata mstari mmoja wa hilo.

Basi kitabu kikachapishwa, maboksi yakashuka bandarini Mkoani kwa meli, nikayaleta nyumbani kwa gari ya samaki iliyokuwa inarudi Tumbe tupu (vitabu vilinuka dagaa wiki nzima). Nikataka kukizindua hapa hapa kwetu, ukumbini skuli, si mjini Chake wala Wete, nionekane na watu wangu. Mwalimu mkuu akasema hana tatizo, nilete tu barua ya sheha. Hapo ndipo palipoanzia kila kitu.

Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikamweleza kuwa nina kitabu na nataka ukumbi Jumamosi ya wiki ijayo baada ya Alasiri. Akafurahi. Akaniuliza, kama mtu yeyote angeuliza:

"Kitabu chenyewe chahusu nini, mwalimu?"

Ningesema kejeli. Ningesema siasa. Hata ningesema ni hadithi tu za kuchekesha, angetia mhuri na mimi ningekwenda zangu. Lakini nilimwona ameshaitoa leso, yuko karibu kupuliza, nikaingiwa na woga, nikasema, "Maadili, sheha. Maadili ya uongozi na malezi ya vijana." Na kwa kuwa muongo hakai kimya, ananogeza, nikaona bora nimpe kitu kizuri kabla hajaomba nakala ya kusoma, nikaongeza kuwa tungependa yeye ndiye awe mgeni rasmi.

Mzee Kombo akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akaivua tena. Miaka yote ya usheha wake, kazi yake kwenye sherehe ni kupanga viti vya wageni rasmi wengine na kusimama juani kuwasubiri. Hakuna aliyewahi kumwambia akalie kimoja. Akagonga mhuri, hah, hah, akanipa barua kwa mikono miwili. Nilitoka pale nikijipa moyo kuwa atakata utepe, atasema mawili matatu, atakunywa kahawa, basi.

Ijumaa iliyofuata akatangaza msikitini baada ya sala. Mkewe, Bi Mize, akampelekea fundi kitambaa cha kanzu mpya na yeye akajikatia buibui jipya. Dada wawili wa mzee wakaja kutoka Shumba siku mbili kabla, na mpwa wake mmoja wa Tumbe akaahidi nguru mzima wa kulisha wageni. Ustadhi wa madrasa akaambiwa alete watoto wa kaswida, maana kitabu ni cha malezi. Kila nilipopita mtu ananishika mkono, mwalimu, umefanya jambo la maana, mzee wa watu huyu hajapata kutukuzwa. Jamani.

Alkhamisi Mwanaisha akafungua boksi akasoma. Nilikuwa nimemzuia kwa kisingizio kuwa nataka aone kikiwa kamili (uongo mwengine huo, muuandike). Niliporudi kazini nilimkuta amekaa kitandani, kitabu mapajani, hajapika.

"Huyu si Mzee Kombo?" akaniuliza.

Nikaanza kumpa somo la fasihi, kwamba mhusika ni jumla ya watu wengi, kwamba mwandishi huchota huku na kule. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Nenda ukamwambie leo." Na akanikumbusha, kana kwamba nimesahau, kuwa Salma wetu amepata nafasi chuo cha uuguzi Unguja na kitambulisho chake bado, kwa hivyo barua ya sheha tutaihitaji. Nikamwambia sicho ninachokiogopa. Akasema anajua ninachokiogopa, na ndiyo maana ananiambia niende.

Nilikwenda. Nilimkuta uani anasoma hotuba yake kwa sauti, ameiandika kwenye daftari la skuli kwa kalamu nyekundu, Bi Mize amekaa kwenye kibao anakuna nazi na kumrekebisha. Waliponiona wakafurahi wote wawili. Akaniomba nimtazamie maneno, mimi ndiye mwalimu. Nikatazama. Ilikuwa inasema mtoto huyu, yaani mimi, nimemwona akikua, na leo ameandika kuhusu uongozi mwema, na mimi najivunia. Nikamsahihishia vituo viwili. Nilirudi nyumbani na kipande cha nguru alichonifungia Bi Mize kwenye mfuko, sijasema neno, na Mwanaisha alipoona ule mfuko aliupokea akaingia jikoni bila ya kuniuliza.

Ikabaki hila. Nakala ya mgeni rasmi nikaifunga kwa karatasi ya kung'ara, na ndani nikaweka utepe mwekundu kwenye sura ya tano, sura ya kuku wanaopiga kura kumchagua kicheche, haina mtu wa kwetu, inachekesha na haimuumizi mtu. Atafungua penye utepe, atasoma aya moja, imekwisha. Nilijiona hodari.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanaume huku kwenye mikeka, wanawake kule, ubani unafuka, watoto wakaimba kaswida yao vizuri, ustadhi akaomba dua ndefu kukiombea kitabu baraka (niliitikia amin kwa sauti ya mgonjwa). Mzee Kombo akasimama na kanzu yake mpya, mikunjo ya pasi bado inaonekana, akasoma hotuba, vituo viwili vyangu akavisimamia vizuri. Akafungua karatasi. Jalada lilikuwa na picha ya mhuri tu, mkubwa, na alipouona alitabasamu akawaonesha watu kitabu kwa juu.

"Ameweka na mhuri wetu," akasema.

Bi Mize kule upande wa wanawake akapiga kigelegele. Mimi nikatazama chini.

Akasema atasoma kidogo. Akafungua, akaukuta utepe, na badala ya kusoma akauchomoa akanikabidhi mkononi usije ukapotea. Kisha akafanya anavyofanya na kila kitabu, nilijua, nimeshamwona mara ngapi, sijui kwa nini sikukumbuka: akakifunga, akasema bismillahi, akakifungua upya kwa kidole gumba, na popote kilipofunguka ndipo anaposoma, kwa sababu kwake yeye hapo ndipo penye kheri. Kilifunguka ukurasa wa sitini na mbili. Nauona mpaka leo.

Akasoma taratibu, neno kwa neno, kwa sauti yake ya kusomea matangazo ya serikali. "Mzee Wino alikuwa hana uwezo wa kumfukuza hata jogoo uani kwake, lakini alikuwa na mhuri. Kila asubuhi aliutoa ndani ya leso, akauleta mdomoni, akaupulizia mara mbili, hah, hah." Na zile pumzi mbili akazisoma kwa pumzi yake mwenyewe, ile ile tuijuayo sote.

Nyuma kule mtu mmoja akacheka. Halafu watatu. Halafu ukumbi mzima ukapasuka, wazee kwa watoto, mpaka watu wa madirishani wakashikana mabega. Na Mzee Kombo akafikiri kitabu kinapendeza. Akatabasamu naye, akasubiri kicheko kitulie, mgeni rasmi wa watu, akaendelea. "Mwenye kuku alitoka na barua. Asiye na kuku alitoka na ahadi. Na alipokwenda kulala, mhuri aliulaza kati, mkewe akamsukumia ukutani." Nilimwona anafika kwenye lile neno mkewe. Nilimwona anarudi juu kwa kidole mpaka kwenye leso, kisha anashuka tena. Kicheko kilikatika kimoja kimoja. Bi Mize alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake mlangoni kati ya viatu vya watu, hajavipata, akatoka miguu mitupu na dada wawili nyuma yake.

Mzee Kombo hakuacha. Alisoma mpaka mwisho wa aya, sauti ile ile, kwa kuwa yeye akianza tangazo hulimaliza. Akafunga kitabu, akasema kitabu kimezinduliwa rasmi. Kisha akanigeukia, na hakupaza sauti, lakini walisikia wote.

"Kuku wa nani nilimla, mwalimu?"

Nikasema ni ubunifu tu, sheha. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata, mtu niliyesomea lugha. Akachukua mkongojo wake akatoka. Nguru wa mpwa wake alikuwa ameshapikwa na wali wake, sahani zimepangwa, na watu walikula, kwa sababu chakula hakitupwi, lakini walikula bila ya kusemezana.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe: vitabu viliisha. Siku ile ile, mlangoni, watu wakigombania. Kila mwandishi huomba hivyo, na mimi nilikaa nyuma ya meza nikitia saini huku nikitamani boksi zile zingezama na meli. Wiki ya pili yake watoto wakaanza. Mzee Kombo akipita njiani kwenda msikitini, kutoka nyuma ya ukuta unasikia hah, hah, na miguu inakimbia. Wengine walikuwa wanafunzi wangu. Niliwachapa wawili, nikajiona mnafiki, nikaacha. Ndipo nilipoanza kupita njia ya siafu.

Yeye hakusema kitu, wala hakumshitaki mtu. Aliacha tu kupuliza. Anaitoa leso, anagandamiza, anagonga, basi. Na mhuri haukutoka. Wino wa kidau kile ulikuwa umekauka zamani (nilikuja kujua kuwa aliomba mwengine wilayani mara tatu, hakujibiwa), na pumzi zake mbili ndizo zilizokuwa zikiulainisha miaka yote hiyo. Zile zile tulizozicheka. Ikawa watu wanapanda gari mpaka afisini na barua, wanaambiwa barua hii haina mhuri, wanarudi. Niliandika kitabu kizima kuwasema wakubwa, na jambo pekee la kuwasema, kidau kikavu cha mzee wa watu, nilikuwa nalitazama kila siku na nikaliona kichekesho.

Barua ya Salma, aliyoifuata mama yake barazani, ilirudishwa mara mbili. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu ya pili yake. Mwanaisha hakunipigia kelele, aliiweka tu barua juu ya msala wangu, nikaikuta nilipotaka kusali Alfajiri.

Nilipita njia ya mbele siku ile. Nilikuwa nimenunua Wete chupa ya wino, ndogo, nimeifunga kwenye karatasi. Barazani walikuwepo watu watatu na barua zao mkononi, na hakuna aliyesogea kunipisha. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikaiweka ile chupa mbele yake, nikamwambia sheha, nimekuletea wino. Aliitazama, akairudisha kwangu kwa kidole kimoja.

"Chukua mwenyewe. Leo nikipokea wino, kesho utaandika kuku."

Wale watatu walikuwa wanatazama. Nikampa barua ya mwanangu. Aliisoma yote, akauliza Salma anasomea nini, nikamwambia uuguzi, akasema Mungu amjaalie. Akatoa leso, akagandamiza mhuri, akagonga, na kwenye karatasi pakabaki kivuli ambacho usingejua ni mhuri au ni alama ya kikombe. Akanirudishia. Nikabaki nimeishika.

Nikamwomba apulize. Nilisema polepole, lakini nilisema: Mzee wangu, nakuomba, upulize.

"Mimi sipulizi tena."

Nikanyoosha mkono kuushika ule mhuri, akauondosha, akaniambia mhuri wa serikali haushikwi na mtu mwengine. Kuku halisi, wa jirani, alipita chini ya baraza akidonoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama. Nikapiga magoti kwenye sakafu, suruali yangu ya skuli, mbele ya watu watatu niliokuwa nimewachekesha miezi miwili nyuma, nikainama mpaka mdomo wangu ukafika karibu na mkono wake, na yeye hakuuondosha. Nikaupulizia mimi. Hah. Hah. Mkono wake ulikuwa unanuka tumbaku na karafuu.

Akagonga. Ulitoka wazi, mpaka herufi ndogo za pembeni. Hakuna aliyecheka, na naapa siku ile ningelishukuru wangecheka. Nikadhani nimemaliza, nikataka kuinuka, yeye akachukua barua ya mtu wa pili, akagandamiza mhuri, na akauleta tena mbele ya mdomo wangu bila ya kunitazama.

Salma yuko chuoni, mwezi wa nne sasa. Kidau kipya hakijaletwa. Chapa ya pili ya kitabu wachapishaji waliniandikia kuitaka nikakataa, na nimeapa kuwa sitamwandika tena mtu ambaye sina ujasiri wa kumsomea usoni kabla hajavaa kanzu mpya. Jumatatu na Alkhamisi, siku za barua, kabla ya skuli, napita njia ya mbele, napanda barazani, napiga magoti. Bi Mize hutoka, huweka kikombe kimoja cha kahawa, cha mumewe, hurudi ndani. Na Mzee Kombo hunisogezea mhuri.